Alisema Paa

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha zimamoto Kericho sikugusa ngazi wala mpira wa maji. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimetoka upande wa ziwa kumfuata mjomba aliyefanya kazi katika kiwanda cha majani chai, na nilidhani nitavishwa kofia ngumu nipande gari jekundu. Badala yake Mkuu wa Kituo, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, aliniketisha mbele ya simu.

"Ouma, unajua kuandika?"

"Ndiyo, afande."

"Na kusikia unajua?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mtu ambaye nyumba yake inaungua haongei Kiswahili cha darasani," aliniambia. "Analia, anachanganya na lugha ya kwao. Muulize jina, kinachoungua, na mahali. Muulize kitu gani kikubwa kiko karibu: kanisa, shule, josho la ng'ombe. Halafu mrudishie maneno yake yote. Akikubali, ndipo upige kengele."

Tuliita kazi hiyo kurudisha maneno. Kando ya simu palikuwa na kitabu cha matukio, kikubwa, cha jalada jeusi. Kila simu iliandikwa humo pamoja na saa yake, na hakuna aliyeruhusiwa kuchana ukurasa.

Baada ya miezi kadhaa nilipewa mpira. Nilijifunza kushika pua, yaani kile chuma cha mwisho wa mpira kinachofanya maji yatoke kama mkuki au yatawanyike kama mwavuli. Nilijifunza kwamba mafuta ya kupikia yakishika moto humwagii maji. Unafunika sufuria, unazima jiko, unangoja. Nilipohamishiwa Bomet, mkuu wangu alikuwa Sajini mmoja mkali aliyekagua viatu vyetu kila asubuhi, lakini akikuta mama ameunguliwa na nyumba alivua koti lake akamfunika. Kisha nikapelekwa Mulot, kwenye ajali za barabara ya kwenda Narok. Huko kazi kubwa haikuwa kukata vyuma. Ilikuwa kuzuia watu wasisogelee lori la mafuta lililopinduka, na kuwafundisha madereva kwamba matawi mawili ya miti nyuma ya gari bovu hayatoshi kwenye ukungu. Weka pembetatu ya tahadhari mbali, nilikuwa nikiwaambia, mbali kuliko unavyofikiri.

Niliporudishwa Kericho nilikuwa msimamizi wa chumba cha simu. Nilijiona nimekomaa. Kwa lafudhi tu niliweza kusema mtu anapiga kutoka upande gani. Mkipsigis, mwenyeji wa huku, akisema "kari" nilijua ni gari. Akisema "tawa" nilijua ni dawa. Na wao walinicheka mimi Mjaluo kwa kusema "sida" badala ya shida. Tulikuwa tukitaniana hivyo, bila ubaya.

Mchana mmoja, saa nane hivi, mama mmoja alipiga.

"Moto! Moto imeshika paa! Kujeni haraka!"

"Wapi, mama?"

"Kiptere! Hapa juu ya soko!"

Nilisikia baa. Juu ya soko la Kiptere palikuwa na baa niliyoijua vizuri, na nilijua kwamba watu wa huku huchanganya b na p. Sikumrudishia maneno. Alikuwa bado anaongea nilipokata simu. Nikapiga kengele nikamwambia dereva, "Baa ya Kiptere inaungua. Leo walevi watahama." Vijana wakacheka wakiruka garini.

Sauti ya dereva ilipotoka kwenye redio, nyuma yake nilisikia muziki.

"Msimamizi, tumefika kwa baa. Hapa kinachoungua ni mbuzi ya kuchoma peke yake."

Mteja mmoja alipiga kelele, "Ofisa, zima huyu mbuzi, anakauka!" Kisha dereva akasema polepole, "Ngoja. Naona moshi. Ng'ambo ya majani chai, kule juu."

Ilibidi gari lirudi hadi njia panda. Walipofika, paa lilikuwa limeanguka. Cheche zilikuwa zimeshika kuni zilizokaushwa juu ya meko, kama wengi wetu tunavyofanya, zikapanda hadi juu. Mama aliyepiga simu aliitwa Chepkirui. Mumewe, Kiprono, alikuwa ameingia kumtoa mama yake mzee asiyeweza kutembea. Alimtoa akiwa hai, lakini mlango ulikuwa umezibwa na mabati yaliyoanguka, na aliyasukuma kwa mikono mitupu. Vidole vyake viliungua, vikajikunja, na havikunyooka tena. Mkulima wa majani chai asiyeweza kutumia vidole hana kazi shambani mwake.

Jioni ile Mkuu wa Kituo, si yule wa kwanza, alifungua kitabu cha matukio.

"Ulimrudishia maneno?"

"Ndiyo, afande."

"Akakubali ni baa?"

"Ndiyo, afande."

Nikaandika kwa mkono wangu: *Mpigaji simu alitaja mahali pasipo sahihi.* Mwandiko wangu ulikuwa mzuri siku hiyo kama siku zote.

Uongo huo ulinilinda miaka kumi na miwili. Nilipokaribia kustaafu nilipewa kazi ya kuzunguka kwenye mabaraza nikifundisha usalama wa nyumbani. Siku nilipofika Kiptere niliomba mtu mmoja asimame aoneshe jinsi ya kupiga simu ya moto.

"Mpeni Mama Baa!" mzee mmoja akaita, na baraza lote likacheka.

Mwanamke mmoja aliyekuwa ameketi pembeni, amevaa kitambaa cha akina mama wa kanisa, aliinuka akaondoka bila kugeuka. Nilimuuliza chifu kwa sauti ya chini ni nani. Akaniambia kisa chote, akitabasamu: moto ulitokea, yeye akaita zimamoto waende baa, mume akapoteza mikono. "Na hajawahi kuonja pombe huyo mama," chifu akaongeza. "Lakini jina ni hilo. Hata shemeji zake wanamwita hivyo wakikasirika. Siku hizi Kiswahili hataki kuongea, anaogopa kuchekwa."

Ningeweza kusema ukweli pale pale. Baraza lilikuwa limekaa mbele yangu. Badala yake nilionesha jinsi ya kufunga mtungi wa gesi, nikapanda gari nikarudi mjini. Kosa hilo lilinilemea kuliko lile la simu, kwa sababu la simu nililifanya kwa haraka, na hili nililifanya nikiwa nimetulia.

Nilikaa wiki mbili. Kisha nikarudi asubuhi ya siku ya kupima majani, wakati wakulima wamejaa kwenye kituo cha kununulia wakingoja lori. Chepkirui alikuwa kwenye foleni na gunia lake. Nilivua kofia.

"Chamgei," nikawasalimu wote. "Naitwa Ouma. Miaka ile nyumba ya Kiprono ilipoungua, mimi ndiye nilishika simu. Huyu mama alisema paa. Mimi ndiye nilisikia baa. Sikumuuliza mara ya pili, nikamkatia simu akiongea, halafu nikaandika kwamba amekosea yeye. Hakukosea kitu."

Karani wa mizani aliacha kupima. Yule mzee wa barazani alianza kufuta kiatu chake ambacho hakikuwa na tope.

Chepkirui aliweka gunia lake chini, kisha akaongea Kiswahili, polepole, mbele ya watu wote.

"Hiyo kitabu uliandika, iko?"

"Iko, mama. Stoo."

"Basi enda uandike tena. Hapa umeongea, kesho watasahau. Huko uliniandika."

Nilikwenda. Mkuu wa Kituo wakati huo alikuwa mwanamke ambaye ningeweza kumzaa. Nilimweleza yote, pamoja na uongo. Alinipa barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho katika kazi yangu, kisha yeye mwenyewe akatafuta kitabu kati ya masanduku, akapangusa vumbi. "Andika, mzee," akasema. "Usifute cha zamani. Andika chini yake." Nikaandika kwamba mpigaji simu alisema sawasawa, na kwamba kosa lilikuwa la msimamizi. Nikatia sahihi. Nilipiga picha kwa simu nikampelekea Chepkirui nyumbani kwake. Aliisoma kwa kidole, akaisoma tena kwa sauti ili Kiprono asikie, halafu akanishukuru kwa lugha yake, "Kongoi," na kurudi jikoni.

Sasa nimestaafu na nimebaki huku huku kwenye majani chai. Watoto wangu wamezaliwa hapa. Vijana huniuliza wafanye nini moto ukitokea. Nawaambia kuni zikae mbali na meko, jiko la makaa lisilale nanyi ndani, na kila mtu wa nyumba, hata mgonjwa, ajulikane atatoka kwa mlango gani na nani. Wale wanaoingia kazini nawaambia kitu kingine: wakimsikia mtu vibaya, aibu ya kuuliza tena inaisha siku hiyo hiyo. Mimi nilikwepa aibu ya dakika moja, nikamtwika mtu mwingine.

Sitadanganya kwamba nimelipa. Mikono ya Kiprono iko vile vile. Na jina halijaisha lote. Juzi nilikuwa natembea na Chepkirui kutoka sokoni, kijana wa bodaboda akapita akiita, "Mama Baa, nikubebe?" Nilimgeukia nimfokee.

"Mwache," Chepkirui akanishika mkono wa shati. "Yeye alikuwa hata hajaanza shule. Amepewa tu jina. Wewe kuja unywe chai."

Tulipofika, Kiprono alikuwa ameketi uani, kikombe kimekaa katikati ya viganja vyake viwili. Aliusogeza mguu chini ya meza, akanisukumia kiti kwa kisigino, na mimi nikakaa.