Fundi redio na kabati la vimelea

Saa mbili asubuhi, fundi redio amepiga magoti kwenye sakafu ya maabara ya hospitali ndogo, sikio kalibandika kwenye kabati la chuma. Ndani panalia "tik". Anatabasamu.

"Swichi imekata umeme yenyewe," anasema. "Joto likishuka, itawasha tena."

Humo ndimo vinamooteshwa vimelea vya magonjwa vilivyochukuliwa kwa wagonjwa, ili daktari ajue dawa ipi itaviua. Vinahitaji nyuzi joto thelathini na saba, kama mwilini. Kidhibiti joto kilipoungua, kabati likageuka stoo ya glovu, na kwa miaka miwili daktari akawa anatibu kwa kubahatisha.

Msimamizi wa maabara ni shemeji wa fundi, mdogo wa mkewe, na utani kwao hauishi. Alimfuata kwenye kibanda chake cha kutengenezea redio akamwambia kwamba anayefufua redio zilizolowa hawezi kushindwa na kabati.

Fundi akatafuta kihisi joto, kidogo kama punje ya mchele, akakiunga na swichi ya umeme. Keshoye sahani zote za vimelea zilikutwa zimekauka na kupasuka. Kihisi alikiweka karibu na mlango, penye ubaridi. Kikadanganyika, na hita ikazidi kuchemsha.

Shemeji hakupandisha sauti. "Shemeji, umenipikia wagonjwa," alisema, kisha akaenda kuwaomba sampuli nyingine. Mama mmoja mwenye kidonda sugu mguuni aliuliza kama kosa lilikuwa lake.

"Swali la yule mama sijalisahau," fundi anasema. "Redio ikiharibika, mtu anakosa taarifa ya habari. Hapa nilichezea mguu wa mtu."

Akataka kuacha. Mkewe akamkumbusha kwamba maji ameshayavulia nguo, sasa ayaoge. Akarudi, akahamishia kihisi katikati, akatia feni ya kompyuta kusambaza joto, na swichi ya pili ya kukata umeme ya kwanza ikigoma. Wiki nzima kabati likawashwa tupu, kipimajoto cha shemeji kikiwa ndani.

Ndipo vimelea vya yule mama vikaota. Daktari akabadilisha dawa, na kidonda sasa kinafunga.

Shemeji keshaleta ombi jingine: atengeneze jokofu la kuhifadhia damu. Fundi hajakataa, ila ana sharti.

"Nataka king'ora kilie kabla damu haijaharibika," anasema, akifuta mikono. "Na safari hii tutajaribu kwanza na chupa za maji."