Injini Iliyoitikia Jina Lake

Wewe cheka tu. Wenzako wamecheka kabla yako, na fundi mmoja wa Kahama alinitangazia mbele ya watu kwamba siku hiyo nilikuwa nimelewa. Mimi! Pombe sijawahi hata kuionja. Haya ninayokusimulia niliyaona kwa macho yangu haya, mchana kweupe, mvua inanyesha.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa naishi Ngokolo, hapa Shinyanga, na nilikuwa na pikapu kuukuu niliyoitoa machimboni Geita. Bodi nzima, injini imepasuka. Injini ya aina ile ningeipata wapi? Nikasikia kuna mjane njia ya Kahama, gari dogo la marehemu mumewe lilichukuliwa na maji korongoni. Watu walilivuta kwa ng'ombe mpaka nyumbani, kuku wakawa wanatagia ndani. Mume mwenyewe, aliyekuwa analiendesha, hakuonekana tena, hata mwili. Yule mama akaniuzia injini, akasema, "Chukua, baba. Mwenyewe alikuwa anaongea nayo kama mtu." Nikajua ni majonzi tu.

Injini ya gari dogo ndani ya pikapu! Nilichekwa mpaka basi. Nikaitoa tope kwenye silinda, nikaitengenezea vishikio vipya kwa chuma cha plau, nikasogeza rejeta, nikakata shafti na kuiunga upya. Siku ilipowaka mtaa mzima ulitoka nje. Lakini ilikuwa na kiburi, jamani! Leo inawaka, kesho inagoma, na hakuna kilichoharibika. Plagi safi, mafuta yapo. Nilifungua kabureta kila siku mpaka mke wangu akasema nimeoa kabureta.

Huyo mke wangu alikwenda kujifungulia kwao, Nyahanga, upande wa Kahama, nami nikamfuata na pikapu. Uchungu ukamshika, ukalala naye, ukaamka naye, mtoto hatoki. Mkunga akaniambia, "Mimi nimeshindwa. Mwahishe hospitali Shinyanga, la sivyo utawapoteza wote wawili." Tukamlaza nyuma ya pikapu chini ya turubai, mama mkwe akampakata, tukaondoka.

Tulipofika ukingoni mwa korongo lile la njia ya Kahama, pikapu ikazima. Maji yanapanda, mekundu, yanabeba matawi. Nikapiga hendeli ya kuwashia injini mpaka viganja vikachubuka. Kimya. Nyuma mke wangu alikuwa analia, halafu akaacha kulia. Hapo ndipo nilipoogopa hasa.

"Mwadila," mtu akanisalimu kwa Kisukuma.

Nikainua kichwa. Mzee mmoja amesimama mbele ya gari, amevaa koti la kaki lenye kiraka chekundu kwenye kiwiko. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Mimi nimelowa chapachapa, koti lake kavu. Nililiona hilo, usidhani sikuliona, ila mtu ambaye mkewe anakufa ana haja gani na koti la mwenzake?

"Unamwitaje?" akaniuliza.

"Nani?"

"Huyu unayempigia hendeli."

"Mzee, hili ni gari. Haliitwi."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Wewe Msukuma kweli? Ukinunua maksai wa plau, si unauliza jina lake kwa aliyekuuzia? Sasa huyu umemtoa kwao, umemfunga kwenye mwili usio wake, unamtumikisha, na jina hujamuuliza. Anaitwa Malunde. Mwite."

Ni kweli, kwetu ng'ombe wa plau huitwa kwa jina, na ukimbadilishia jina anasimama katikati ya shamba hata umchape vipi. Lakini injini? Nikaona haya, wallahi, mtu mzima kuita chuma. Nikamkumbuka mke wangu kule nyuma. Nikaita, "Malunde!"

Hendeli ilikuwa chini, kwenye tope. Hakuna aliyeigusa. Injini ikawaka.

Nikarukia usukani. Mzee akageuka, akaingia majini, akatangulia mbele ya gari kama anayeongoza ng'ombe shambani. "Malunde, huku. Malunde, polepole." Maji yaliyokuwa yanagonga milango yangu hayakumpita yeye vifundo vya miguu. Akipinda, usukani unapinda wenyewe mikononi mwangu. Mguu wangu haukukanyaga mafuta, niamini. Nilistaajabu mpaka nikasahau kuogopa, machozi yakawa yanatoka tu.

Ng'ambo nikashuka nimshukuru. Hayupo. Kwenye tope lile jeusi alama zilikuwa za matairi peke yake. Mama mkwe akachungulia kutoka chini ya turubai: "Baba, ulikuwa unaongea na nani?"

"Na mwenye gari," nikajibu. Sijui nilijuaje.

Hospitali walimpokea mbio. Mtoto akatoka mzima, wa kiume, na mama yake akapona. Nikampa jina Malunde.

Baadaye nilikwenda kwa yule mjane. Kabla sijasema lolote nikamuuliza kama gari lao lilikuwa na jina. "Malunde," akasema. "Ni jina la maksai wetu tuliyemuuza tukanunulia gari." Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye kiraka chekundu akajishika mdomo. Alikishona yeye, kwa kitambaa cha gauni lake, na koti hilo lilikwenda na mumewe majini.

"Alivuka mpaka ng'ambo?" akaniuliza.

"Alivuka, mama."

Akakaa chini, akalia sana. Kisha akasema, "Basi amefika. Nilikuwa sijui nimwage wapi msiba wangu." Siku hiyohiyo akaita majirani, wakaanua matanga yaliyokuwa hayajaanuliwa miaka yote, kwa kukosa wa kuzika.

Pikapu imeshaliwa na kutu. Injini ninayo pale uani, haina mafuta, haina hata waya. Mke wangu akitaka mwanawe aje kula humfuata na kumgusa bega. Siku za mwanzo alikuwa anamwita kwa sauti, "Malunde!", na mtoto anaitika, na kule uani kitu kingine nacho kinaitika.

Kwa hiyo wewe unayekwenda kununua injini ya gari la mtu, bei acha kwanza. Uliza inaitwaje.