Plasta ya Rangi ya Ngozi

Ukuta uliotenganisha chumba changu na cha jirani yangu kule Kiganjo, pembeni mwa mji wa Thika, ulikuwa mwembamba, nasi tuliufanya kuwa saa yetu. Aliyetangulia kuamka aliugonga kwa kifundo cha kidole, mwenzake akajibu vivyo hivyo, na majogoo wa ploti tulimopanga wakiwa bado wanabishana sisi tulikuwa tayari njiani kuelekea kiwandani.

Nilikuwa nimehamia Thika baada ya kufungwa kwa shule ya binafsi niliyofundisha kule Ruiru. Kuanza upya katika umri wa makamo ni somo gumu, na sitajidai kwamba nililipokea kwa moyo mkunjufu. Jirani yangu, mama aliyetoka magharibi ya nchi kutafuta riziki, alikuwa kibarua katika kiwanda cha kokwa za makadamia. Ndiye aliyenipeleka hadi getini na kuniombea nafasi kwa supavaiza. "Huyu ni mwalimu," alimwambia, "lakini usiogope, mikono yake inajua kazi." Kwa maneno hayo nikapewa koti jeupe, kofia ya wavu, gambuti na glavu za rangi ya samawati.

Kazi yetu ilikuwa kuchambua. Kokwa zilizokwisha kubanguliwa zilipita mbele yetu juu ya mkanda usiotulia, nasi tuliokuwa tumesimama pande zote mbili tuliziokota zenye doa, zilizooza, na vipande vya ganda vilivyojificha kati yao. Siku za kwanza macho yangu yalidanganyika: niliona mkanda umesimama na sakafu ndiyo inayotembea, nikalazimika kushika ukingo wa chuma nisianguke. Wanawake wa upande wa pili walinicheka bila huruma.

"Mwalimu, hiyo umeipatia ngapi kwa kumi?" mmoja aliniuliza nilipokuwa nikiigeuza kokwa moja huku na huku.

"Mwache asahihishe," mwingine akamjibu. "Mpaka amalize, wazungu wanaozingoja watakuwa wameshazeeka na njaa."

Jirani yangu alinisogelea akaninong'oneza: "Usifuate moja moja. Tazama weupe wote, kibaya kitajitokeza chenyewe." Ikawa kweli.

Kiwanda kile kilikuwa na sheria iliyopita nyingine zote kwa ukali. Kabla ya kuingia tulinyoosha mikono mbele ya mkaguzi, viganja kisha migongo. Mwenye kidonda, hata cha kukwaruzwa na msumari, hakuruhusiwa kugusa mkanda. Alifungwa plasta ya samawati, rangi ambayo hakuna chakula kinachoota nayo, kisha akapelekwa nje kufagia maganda. Na kama wafagiaji walikuwa wametosha, alirudi nyumbani. Plasta zile zilikuwa na uzi wa chuma ndani yake, ili zikipotea katika chakula mashine ya mwisho izinase. Tulielezwa pia kwamba yeyote kati yetu, hata aliyeajiriwa asubuhi hiyo hiyo, ana haki ya kubonyeza kitufe chekundu na kusimamisha mkanda. Haki ile wote tuliijua, na sikuwahi kumwona hata mmoja akiitumia.

Wiki ninayoisimulia ilikuwa ya wasiwasi. Supavaiza, kijana mwenye sauti ya upole na jicho lisilopepesa, alikuwa akichagua vibarua watakaopewa mkataba. Jirani yangu alikuwa ameungoja mkataba huo kwa muda mrefu kuliko wote. Hakutaka kuonekana akifagia nje, sembuse kurudishwa nyumbani.

Asubuhi moja, baada ya mapumziko ya chai, tulikuwa tumekwisha kufanya kazi kwa kitambo aliponigusa kiwiko na kunionyesha glavu yake. Ilikuwa imepasuka kwenye ncha ya kidole. Tulikwenda pamoja kwenye meza ya glavu mpya, kwa kuwa yangu nayo ilikuwa imelegea. Akaivua ile iliyopasuka, akaitupa kwenye pipa. Hapo nikakiona kidole chake: mkato mbichi wa kisu, na kuuzunguka, ngozi nyeupe iliyojikunja kama ya mtu aliyefua mchana kutwa. Ngozi huwa hivyo inapotoka chini ya plasta. Plasta yenyewe haikuwapo.

Naye alikiona wakati huo huo. Uso wake ukabadilika.

"Ilikuwa ya samawati?" nikamuuliza.

"Ya duka," akasema. "Ya rangi ya ngozi. Nilijikata jana nikikata mboga ya sukuma wiki. Nilikunja kidole, mkaguzi hakuona."

Plasta ya duka haina uzi wa chuma. Mashine ya mwisho isingeijua. Nyuma yetu mkanda ulizidi kutembea, na kila kreti iliyojaa ilivutwa kuelekea chumba cha kufungia.

"Mwambie supavaiza," nikasema.

"Mwalimu, wiki hii? Si unajua ni wiki gani?"

"Najua."

"Labda ilianguka chooni. Labda kwa chai. Nani anajua?" Alikuwa akivaa glavu mpya, vidole vikikataa kuingia. "Mimi ndiye nilikuleta hapa. Nakuomba kama dada."

Nimesoma mengi kuhusu dhamiri, na vitabu vingi huieleza kana kwamba ni sauti. Siku ile sikusikia sauti yoyote isipokuwa ya mkanda. Nilichokuwa nacho ni picha ya mtu nisiyemjua, mahali nisipopajua, akifungua pakiti na kumpa mtoto wake kwa kiganja. Anayekula kilichofungwa na mikono asiyoiona ametukabidhi kinywa chake. Hana ulinzi mwingine ila sisi. Hata hivyo, mwanamke aliyekuwa mbele yangu nilimjua, na sauti ya kifundo chake ukutani niliijua.

"Sema wewe," nikamwambia, "ni afadhali kwako. Kreti inayojaa sasa ikifika mlangoni, nitasema mimi."

Akamalizia kuvaa glavu. Tulirudi mahali petu. Alitazama kokwa, nami nikaitazama kreti. Ilijaa. Mtu akaishika, akaivuta. Ilipokaribia mlango nikanyoosha mkono nikabonyeza kitufe chekundu.

Mkanda ukasimama. Supavaiza akaja kwa hatua za kawaida.

"Nani amesimamisha?"

"Ni mimi. Kuna plasta imepotea."

"Yako?"

Wanawake wa upande wa pili hawakutania. Kabla sijafungua kinywa, jirani yangu aliivua glavu yake na kunyoosha kidole. "Ni yangu," akasema. "Ya duka."

Kreti zote za asubuhi zikarudishwa. Tulizimwaga juu ya meza za chuma, tukazipekua kwa vidole, kiganja baada ya kiganja, hadi jasho likatutoka chini ya kofia. Hatukupata kitu. Ndipo supavaiza akaagiza mapipa yamwagwe. Plasta ilikuwa ndani ya ile glavu iliyopasuka, imegandamana na mpira, imekunjamana ndogo kuliko kokwa.

Mkanda ukawashwa. Jirani yangu akaambiwa arudishe koti. Kuficha kidonda, supavaiza alisema, hakupungui uzito eti kwa sababu bahati ilikuwa upande wake. Sikuweza kumpinga, maana ndivyo nami nilivyoamini, na ndivyo ninavyoamini.

Jioni nilibisha mlango wake nikiwa na sufuria aliyokuwa ameniazima. Aliipokea, akaichunguza ndani kama anayetafuta masizi.

"Mwalimu," akasema taratibu, "si ungeangalia pipa kwanza?"

Nilikuwa na jibu. Ningemweleza kwamba muda ambao ningeinama kwenye pipa, kreti ingekuwa imeshapita mlango. Jibu hilo ni sahihi, na nimelirudia moyoni mara nyingi. Sikulitoa. Nilimwambia usiku mwema, naye akafunga mlango bila kuupigiza.

Asubuhi niliamka kabla ya majogoo. Niligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, nikangoja. Upande wa pili nilisikia kitanda kikilia, mtu akigeuka. Ukuta haukugongwa. Nikavaa viatu, nikaenda kunyoosha mikono yangu mbele ya mkaguzi, viganja kisha migongo.