Majogoo wa Mama Mkwe

Mke wangu aliponipigia simu kutoka nyumbani Ikonge na kusema mama yake anatafuta nyumba ya kupanga huku Keumbu, ilifaa nimwambie nyumba zangu zimejaa. Moja ilikuwa wazi, lakini uongo mdogo ungenifaa. Badala yake nilisema, "Aje tu."

Huyo mama hakuwa aliyemzaa. Alikuwa mke wa pili wa baba yake mdogo, na umri wake ulikaribia ule wa kitinda mimba wetu. Lakini kwetu Wakisii umri hauna neno katika mambo hayo. Kwa kuwa mke wangu anamwita mama, kwangu ni mama mkwe, na kati yetu kuna ensoni, ile heshima ya kuoneana haya: siingii kwake, simtazami usoni, simkaripii.

Kwa kawaida hakuna aliyepanga kwangu bila kusailiwa. Ploti yangu ina nyumba sita za chumba kimoja, nami nakaa katika ile iliyo karibu na lango. Nilikuwa namuuliza mtu anapikia nini, redio yake ina kelele kiasi gani, wageni wake ni watu wa aina gani, kisha nampigia simu mwenye nyumba alikotoka. Mwalimu mstaafu aliyepanga jirani yangu nilimuuliza hata kama anakoroma.

"Labda ungemuuliza marehemu mke wangu," alinijibu, nami nikampa ufunguo papo hapo. Tangu siku hiyo tulicheza drafti kila alasiri kwa vifuniko vya soda, tukitukanana kwa furaha.

Mama mkwe sikumuuliza lolote. Nani humsaili mama mkwe? Siku aliyohamia nilijificha nyuma ya tangi la maji mpaka mizigo yake yote ikashushwa. Nikiwa huko nikasikia mizigo ikiwika.

Alikuwa mchuuzi wa kuku. Majogoo waliosubiri siku ya soko walilala chumbani mwake, na ukuta wake ndio ukuta wa mwalimu.

"Mzee," mwalimu aliniambia asubuhi ya kwanza, macho mekundu, "mimi uliniuliza kama nakoroma. Hawa uliwauliza nini?"

"Nipe muda, mwalimu."

"Kwani landilodi hapa ni nani? Wewe au jogoo?"

Nilimpigia mke wangu simu aseme na mama yake. Akashangaa. "Nimwambie mama yangu atoe kuku? Watasema nini nyumbani?" Basi nikasimama uani, nikaupa mlango wa mama mkwe mgongo, nikamhutubia jogoo mmoja aliyefungwa kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia nguo.

"Wewe jogoo! Katika ploti hii kufuga ni marufuku!"

Sauti ya upole ikatoka ndani: "Jogoo, mwambie mkwe wangu hapa hufugwi. Unauzwa."

Wapangaji wote walicheka. Mwalimu alicheka mpaka akashika mbavu, nami nikacheka naye. Kicheko hicho kilinidanganya. Niliona kwamba anayecheka hivyo atavumilia.

Lakini nilianza kumshinda drafti, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Alikuwa anasinzia kifuniko kikiwa mkononi. Alasiri moja aliusukuma ubao kando.

"Sikuombi umfukuze. Kuku wajengewe kibanda kule nyuma, basi. Ukishindwa kumwambia, mwisho wa mwezi nahama."

"Nitamwambia."

Sikumwambia. Nilikwenda mpaka kwenye tangi nikiwa nimeyapanga maneno yangu vizuri, nikamwona anatoka na beseni, nikachutama nyuma ya tangi kama mwizi wa maji. Mwisho wa mwezi pikapu ilikuja, ikabeba kitanda na vitabu vya mwalimu kuelekea Itumbe. Alinipa mkono bila utani wowote.

"Kaa salama na wakwe zako, mzee."

Siku chache baadaye mama mkwe alimtuma mke wangu aniulize kama nyumba ya mwalimu bado iko wazi, maana kuku wameongezeka. Nilisema, "Achukue tu."

Mwalimu hapokei simu zangu. Kwa sababu nilikubali kumpangisha mtu nisiyeweza kumkanya, nilimpoteza rafiki wa pekee niliyekuwa naye Keumbu, na kwa umri wangu sitapata mwingine.