Bonde Lisilo na Upepo

Mwanangu, kabla hujapeleka michoro yako ya nyumba kwa wakubwa, kaa kidogo. Nakumbuka asubuhi moja nikiwa na umri kama wako, mwaka ule volkano ilipounguza mitaa yetu na watu wakabaki bila pa kulala. Nilikuwa nimewachorea nyumba za muda: nguzo za mikaratusi, kuta za mianzi na udongo, bila saruji, bila kumaliza msitu. Nilijiona fundi hasa, na kusema kweli michoro haikuwa mibaya.

Shida ilikuwa kiwanja. Goma unaijua, ukichimba shimo la nguzo unakutana na jiwe la volkano. Nyuma ya mtaa wa Keshero nikapata bonde dogo lenye udongo laini, tena halina upepo, kwa hiyo nguzo chache zingetosha. Nikajenga nyumba ya kwanza pale. Wa kwanza kwenye orodha yangu ya waliopoteza nyumba alikuwa Mama Zawadi, mjane mwenye watoto watatu, mzaliwa wa upande uleule.

Alikuja, akatazama, akakataa. Alisema pale pana mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini bila harufu, ikatuama pasipo upepo na kuua anayelala chini. Nyanya yake alipoteza mbuzi pale. Mimi, na diploma yangu mpya, nilimwona mtu wa kuchaguachagua. Nikafuta jina lake, nikaandika familia nyingine ihamie kesho yake. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kesho yake mapema, kabla ya ile familia kufika, nilimkuta Mama Zawadi mlangoni ameshika mshumaa. Hakuja kuomba nafasi yake. Aliniita ndani, akauwasha, akainama na kuushusha taratibu. Ulipofika pale ambapo mkeka ungetandikwa, ukazimika. Akauwasha tena, ukazimika tena. Akanitoa nje haraka.

“Papa, ulipima budongo, ulipima na miti,” akaniambia. “Juu ya hii mupepo mubaya uliuliza nani? Batoto ya ile familia nabo ni batoto.”

Niliona haya. Siku ileile tulibomoa, tukahamia juu kwenye mawe. Huko hatukuchimba, tulirundika mawe kuzunguka kila nguzo mpaka ikasimama imara, kazi iliyotuchubua mikono wiki nzima. Jina la Mama Zawadi nililirudisha mwenyewe, juu kabisa, na yeye hakunisema tena.

Basi mwanangu, usisimamishe nguzo hata moja kabla hujawauliza wanaokijua kiwanja hicho, na uanze na wale ambao majina yao unayo mkononi. Mtu aliyepoteza nyumba bado ana haki ya kukataa nyumba. Akikataa, weka kalamu chini umsikilize mpaka amalize.

Mungu akupe mkono mzuri wa kuchora, akupe na watu wa kukukatalia mapema. Na watoto watakaolala katika nyumba zako, asubuhi waamke wote.