Kura yangu ndiyo itakayomleta mtani wa mume wangu

Habari zenu nyote. Admin, nifichie jina langu na la jengo letu, hapa niite Mama Neema tu, maana Mikumi ni ndogo na mume wangu naye anaufuata ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, nina watoto watatu na ndoa yenye amani. Ni mjumbe wa bodi ya ushirika wetu wa wakulima. Ushirika una jengo hapa Mikumi kando ya barabara kuu, chini maduka, juu vyumba vya kupanga. Mume wangu ni mmoja wa wapangaji, anauza vifaa vya ujenzi. Tulikuwa tunalisimamia wenyewe, likatushinda. Paa linavuja, choo cha juu kimeziba, mpangaji akilalamika kila mjumbe anamsukumia mwenzake. Watu wameanza kuhama, na kuna wajane wanachama ambao gawio la jengo hilo ndilo linalosomesha watoto wao. Basi tukaamua kutafuta kampuni ya usimamizi.

Ziliomba kampuni mbili. Moja ya bwana wa Morogoro mwenye maneno matamu. Nyingine ya mwanamke wa Kilosa, nitamwita Tunu.

Tunu ni mtani wa mume wangu. Mume wangu Mluguru, Tunu Mnyamwezi, babu yake aliletwa Kilosa na kazi za mkonge. Mnawajua watani: wakikutana ni kutukanana na kucheka, na ukinuna wewe ndiye mwenye kasoro. Kwetu ni Mbeya, utani wao haunihusu, nilikuwa navumilia. Ila wifi yangu aliwahi kuropoka kwamba kabla yangu wale wawili nusura waoane. Tangu hapo kila utani wao unanichoma.

Siku ya usaili mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, alianza kwa kuuliza, "Kuna mjumbe mwenye undugu au masilahi na mwombaji yeyote? Aseme sasa." Nilinyamaza. Mtani wa mume si ndugu, wala si mbia. Ningesema nini?

Tunu akaingia. Akamwambia mwenyekiti shikamoo kwa adabu zote, halafu akamwona mume wangu mlangoni ametuletea maji ya kunywa. Akamvua kofia, akaivaa yeye. "Hii rehani! Huyu ni mume wangu, Mama Neema nimemwazima tu. Nikipata kazi hapa namchukua."

Mume wangu naye, "Mnyamwezi, mizigo mlizoea kubeba zamani. Mimi utaniweza?"

Bodi nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka mpaka mashavu yakauma, huku moyoni nawaka. Ile kofia aliondoka nayo usaili ulipokwisha.

Kwenye usaili wenyewe nilimbana Tunu kwa maswali kuliko nilivyombana mwenzake. Bomba likipasuka usiku, nani anapokea simu? Fundi anateuliwa na nani, na bodi inaona bei kabla ya kazi au baada? Kodi inaingia akaunti ya nani? Tukishindwana, mkataba unavunjwaje? Alijibu bila kubabaika, na asilolijua alisema halijui. Kodi alitaka iingie moja kwa moja kwenye akaunti ya ushirika. Yule bwana alitaka ipitie kwake kwanza.

Mwenyekiti akasema maneno tumeyasikia, sasa twende tukaone majengo wanayoyasimamia, na tusiwaarifu. Tulianzia Kidodi, kwenye jengo la yule bwana. Wapangaji walitazamana kwanza. Mama lishe mmoja ndiye aliyesema, "Kodi anaifuata mwenyewe. Choo kikiziba anatuma salamu."

Kilosa, kwa Tunu, nilifungua bomba moja baada ya jingine nikiomba hata moja liwe kavu. Nilipanda juu nikatafuta alama ya maji kwenye dari. Sikuona kitu. Mpangaji mmoja akaniambia, "Ukimpigia asubuhi, jioni fundi yupo. Ana mdomo yule dada, lakini kazi anaijua." Nilirudi kwenye gari nimenuna kama niliyefiwa. Laiti angekuwa mzembe, ningelala usingizi wangu.

Nyumbani nikamwuliza mume wangu anaonaje. "Mpeni anayefaa. Hata mimi nimechoka kutega ndoo dukani."

"Na akija hapa kila wiki, utafurahi?"

Akacheka. "Mama Neema, unamwonea wivu mtani?"

Nikasema siwezi kumwonea wivu mtani. Nilingoja aniambie hakuna kitu kati yao, lakini akaongeza sauti ya taarifa ya habari.

Jana tulipiga kura, tuko watano. Wawili wamempa yule bwana kwa sababu ada yake ni ndogo, wawili wamempa Tunu. Mwenyekiti akanigeukia, "Mama Neema, umebaki wewe." Nikaomba anipe mpaka Jumamosi.

Nikimpa yule bwana, najua ninachowafanyia wale wajane. Nikijitoa, tutabaki wawili kwa wawili na mvua haitatusubiri, tena wataniuliza sababu, na sababu yenyewe ni kwamba naonea wivu utani. Mikumi nzima itanicheka, na mume wangu ndiye atakayeanza. Nikimpa Tunu, kila wiki atasimama mlangoni kwa mume wangu, kwa haki kabisa, akiuliza kama paa linavuja.

Wanawake wenzangu, wengine mpinzani huwavamia tu. Mimi natakiwa ninyooshe mkono mbele ya kikao nimkaribishe. Naombeni ushauri bila matusi, hasa ninyi mlioolewa na wanaume wenye watani: Jumamosi mkono huu niunyooshe kwa nani?