Kobe wa Mwende na Paka wa Bibi

Nilikuwa na umri wa miaka kumi nilipojua kwamba nyumba yetu inanuka samaki, na aliyenijulisha ni kobe. Kabla ya hapo harufu za nyumbani nilizozitambua zilikuwa nyingine: udi wa bibi siku ya Ijumaa, moshi wa vifuu jikoni, karafuu katika sanduku la kanga za mama, na ule uvundo wa mikeka iliyokosa jua wakati wa masika. Samaki sikumnusa kabisa. Baba alivua kwa madema, ile mitego mipana ya mianzi inayosukwa kama kikapu na kuzamishwa karibu na mwamba, na yaliyochakaa aliyaegemeza ukutani uani kwetu Mwabungo. Mama alikaanga samaki kila alasiri akawauza kando ya barabara. Tulikula samaki, tuliuza samaki, na nguo zetu zilianikwa karibu na samaki. Mtu angetuuliza harufu hiyo inatoka wapi, tungemshangaa yeye.

Uani kulikuwa na chumba cha kupangisha, na mpangaji wetu alikuwa Mwende, dada wa Kikamba aliyefanya kazi ya kutandika vitanda katika hoteli moja ya Diani. Alikuwa mwepesi wa kucheka. Kila akirudi kazini alipita uani ameziba pua kwa leso, akamsalimia bibi, "Shikamoo, susu," akiunganisha adabu yetu na neno la kwao la kumwita bibi, naye bibi akaitikia marahaba huku akitabasamu. Sisi tulidhani ana mafua yasiyopona. Ndiye aliyemleta kobe. Alimwokota mahali walipochoma majani makavu nyuma ya nyumba za wafanyakazi, mdogo kama kisahani cha kikombe, gamba limeungua upande mmoja. Akampa jina la Meneja, kwa sababu alimtazama kila mtu kana kwamba amekuta vumbi chini ya kitanda. Nilimpenda tangu siku ya kwanza, nikawa namkatia mchicha vipande vidogo vidogo kama namlisha mtoto mchanga.

Masika yalipoingia wageni waliondoka, hoteli ikafungwa kama ilivyofungwa kila mwaka msimu huo, na Mwende akatakiwa kurudi kwao Machakos mpaka atakapoitwa. Kobe mgonjwa hangeiweza safari ile ya basi. Akanijia na Meneja ndani ya beseni. "Misi, nakuachia huyu. Usiache paka zimguse, tafadhali," aliniambia, na macho yake yalikuwa yamelowa. Nilikubali mara moja, kwa furaha ya mtoto anayekabidhiwa kitu na mtu mzima. Bibi alikuwa barazani akichagua mchele. Akauweka ungo chini, akaniita. "Mwanamisi, mjukuu wangu, hiyo sasa ni amana. Kitu chako kikipotea utalia ukanyamaza. Huyu akipotea utaulizwa, hapa na kwa Mwenyezi Mungu." Tangu hapo furaha yangu ilichanganyika na hofu. Kila asubuhi nilikwenda kumtazama Meneja kabla hata sijanawa uso.

Taabu ni kwamba bibi aliyenitisha kwa amana ndiye huyo huyo mwenye paka. Walikuwa watatu: Sultani, dume la manjano lenye sikio lililochanika, Zabibu, jike jeusi, na mwana wa Zabibu, ambaye hakupewa jina kwa kuwa hakuna aliyetarajia angeitika. Kwa bibi, paka hapigwi, hamwagiwi maji, wala hafungiwi nje mvua ikinyesha. Paka ni twahara, alisema, akinywa maji yako unaweza kutawadha kwa yaliyobaki. Mimi nilikuwa nimemwona Sultani jaani na nilikuwa na mashaka yangu, lakini sikuthubutu kuyatoa mdomoni. Uani nako hakukufaa. Maji yalituama mpaka kizingitini, na kunguru walikuwa wakingojea juu ya paa la choo. Ikabidi kobe na paka wakae nyumba moja, ukumbini, karibu na mlango wa nyuma ambako jua la asubuhi, likipatikana, liliingia.

Baba alichukua mbao za kitanda kilichovunjika akatengeneza sanduku refu lililo wazi juu. Mimi nikaenda ufukweni na ndoo, nikaleta mchanga mweupe laini, nikauchekecha kwa chekecheo la mama bila kumwomba ruhusa. Kufikia kesho yake paka wote watatu walikuwa wameshautumia. Nilikuwa nimewajengea choo kizuri kuliko chetu. Nikautoa wote, nikaweka udongo wa shambani uliochanganyika na kokoto, usiofukulika kirahisi, na shida hiyo ikapungua. Ndipo Zabibu akagundua kwamba kobe akisukumwa kwa mkono hupinduka. Nilimkuta Meneja chali, miguu inapiga hewa, Zabibu amekaa pembeni akitazama kama aliye sinema. Tukawa tunahitaji kifuniko kinachopitisha hewa na mwanga. Baba akatazama huku na huku uani, akaona madema yake. Akakata ubavu wa dema moja kuukuu, akaupachika juu ya sanduku, ukaenea barabara. Sote tulimsifu, na yeye mwenyewe alijisifu kidogo wakati wa chakula.

Kuanzia siku hiyo paka walihamia juu ya sanduku. Jikoni walikusahau. Walilala juu ya ile mianzi, wakailamba, wakaitafuna, wakaikwaruza, na paka wa majirani nao wakaanza kuja kutembea. Bibi alisema wamempenda kobe na Mungu awazidishie. Baba aliweka jiwe kila pembe. Mimi niliwabeba mmoja mmoja nikawatoa mpaka mikono ikajaa mikwaruzo, na nilipogeuka wote walikuwa wamerudi. Hatukujiuliza hata mara moja kwa nini.

Ijumaa moja baba alikuwa msikitini, mama amekwenda kununua mafuta, na bibi alikuwa chumbani akiswali. Nilitumwa chumvi dukani. Niliporudi, nguo zimenigandama kwa mvua, nililikuta dema liko sakafuni, mawe yameporomoka, na Sultani ameketi katikati ya udongo akijilamba. Meneja hakuwapo. Nililia kwa sauti kubwa mpaka bibi akatoka hata uradi wake hajaumaliza. Tulitafuta chini ya vitanda, nyuma ya magunia, ndani ya viatu. Bibi ndiye aliyemwona, nyuma ya mtungi wa maji, amejifungia ndani ya gamba, mguu mmoja wa mbele unatoka damu. Alimwosha kwa maji vuguvugu ya chumvi.

Nilimwomba tusimwambie Mwende. Nilisema kidonda kitapona kabla hajarudi, na hakuna atakayejua. Bibi hakunigombeza. Aliendelea kumfuta kobe kwa pembe ya kanga yake, kisha akasema, "Si kobe wako, mwanangu. Mwenyewe aambiwe." Baba aliporudi akampigia Mwende, akanipa simu. Nilisema yote kwa pumzi moja, Sultani, mawe, mtungi, damu, na kwamba nilitaka kumficha. Nilikuwa na hakika amenichukia.

"Anaukanyagia huo mguu?" aliuliza. Nikamjibu ndiyo, anaukanyagia. "Na mlikuwa mmefunika na nini?" Nikamwambia, ubavu wa dema la baba. Kisha kikaja kicheko kilichosikika mpaka jikoni. "Misi! Si hiyo kitu inanuka samaki! Mmewekea paka chakula juu ya kobe!"

Baba aliliinua dema akalinusa. Akampa mama, mama akasema hasikii kitu. Bibi akanusa, nikanusa mimi, tukasimama ukumbini ukoo mzima tukipokezana kipande cha mianzi puani, na polepole, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikaisikia. Kisha nikaisikia ukutani, kwenye pazia, kwenye nywele zangu. Nikakumbuka ile leso ya Mwende na mafua yake yasiyopona, nikaona aibu, halafu nikaanza kucheka. Kesho yake baba alipigilia waya wa kuku kwenye fremu ya dirisha la zamani. Bibi akaamuru lipatikane na sanduku la pili, lijazwe ule mchanga mweupe wa ufukweni, liwekwe ukumbini hapo hapo kwa ajili ya paka. "Nao wapewe haki yao," alisema. Baada ya siku mbili hakuna paka aliyemjali Meneja tena.

Mvua zilipokatika Mwende alirudi. Nilimwonyesha ule mguu wenye kovu kabla hajaona kitu kingine. Alimbeba, akamgeuza, akanikumbatia, akasema kobe akae pale pale kwani ameshakuwa wa kwetu. Miaka minane baadaye nilipata nafasi ya chuo Machakos, ambako Mwende alikuwa amesharudi na kufungua duka la ushonaji. Mama, aliyekuwa hajapita Mombasa, alinisindikiza safari nzima. Mlangoni kwa Mwende aliushika mkono wangu akautia ndani ya mkono wa Mwende. "Mwende, mwanangu namwacha kwako. Ni amana." Mwende akajibu, "Usijali, mama. Nitamfunika na kitu haina samaki." Walicheka mpaka wakalia, nami nikalia nao. Niliishi kwake miaka miwili, na muhula nilioshikwa na homa kali alimpigia mama jioni ile ile akamweleza yote, ingawa nilimsihi anyamaze.

Sasa nafundisha Lunga Lunga, na nyumba ninayopanga ina geti, kufuli na majirani ambao majina yao siyajui. Hakuna anayemwachia mwenzake hata ufunguo. Simlaumu mtu, mimi mwenyewe nafunga mlango wangu mara mbili. Lakini nashukuru kwamba niliwahi kupewa kitu cha mtu nikitunze, nikakosea, nikasamehewa. Bibi ametangulia mbele ya haki. Meneja sasa ni mkubwa kama sufuria ya pilau, anatembea uani akichechemea kidogo, na wajukuu wa Zabibu hulala wamemwegemea. Ninapokwenda nyumbani mwisho wa mwezi husimama kwanza mlangoni na mizigo yangu, nikavuta pumzi ndefu. Mama huniuliza nangoja nini. Nangoja niinuse nyumba yetu vizuri, maana nikishaingia nikakaa nusu saa tu, sitaisikia tena.